Mgomba wa Baba Mdogo

"Wewe uliyesoma, hebu niambie. Meli inapoteaje?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo akiwa amechutama kando ya jamvi, akigeuza kahawa juani kwa kiganja cha mkono. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, miaka ya themanini ikielekea mwisho, na nilikuwa na tabia ya kujibu hata nisiyoulizwa. Angeuliza meli inazamaje ningemwambia: kitu kizito huenda chini. Lakini yeye aliuliza inapoteaje, yaani inakuwaje chombo kikubwa kuliko kanisa letu kitoke bandarini mbele za watu, kisha kisifike kinakokwenda, kisionekane popote, kisiache hata gunia likielea.

Chombo chenyewe kilikuwa meli ndogo ya mizigo. Kiliondoka Bukoba jioni kwenda Mwanza kikiwa na ndizi, maharage na watu wachache waliopatana na mabaharia bila tiketi. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa mchuuzi wa maharage. Alitoka kwetu Ihanda, Karagwe, juu ya lori, na dereva alimshusha na magunia na baiskeli yake nje ya lango la bandari. Huyo dereva ndiye mtu wa mwisho tuliyemjua aliyemwona. Kesho yake Mwanza walingoja, wakangoja, na waliotumwa kutafuta wakarudi wakisema ziwa limetulia kama halijawahi kutikiswa.

Kwa kuwa hakukuwa na tiketi, hakukuwa na mtu wa kuapa kwamba alipanda. Na pale penye pengo, watu hawakosi cha kujazia. Mara wakasema yuko Geita anachimba dhahabu. Mara wakasema ameoa Ukerewe, mke mwenye mitumbwi yake mwenyewe. Walipokuja kutupa pole hawakujua waseme pole ya nini. Walikaa, wakapokea ndizi zao kwenye jani, wakatazama chini, na mmoja wao akasema, "Poleni kwa kusubiri," na wengine wakafurahi kwamba neno limepatikana, wote wakalitumia hilo.

Mama mdogo alikuwa na mabinti tu. Kwa desturi yetu, mwanaume akizikwa, ukoo hukaa na kumtaja mrithi, na asipokuwa na mtoto wa kiume kibanja chake hurudi kwa ndugu zake. Kibanja ni shamba la migomba lililoizunguka nyumba. Mtu huzaliwa ndani yake, hula humo, na huzikwa humo. Maadamu baba mdogo hajazikwa, mama mdogo alikuwa mke wa mwenye kibanja, na hakuna wa kumgusa. Siku atakapozikwa, angebaki mgeni kwenye migomba aliyoipalilia tangu aolewe. Ndugu mkubwa alikuwa baba yangu. Na kaka yangu alikuwa anataka kuoa, hana pa kujenga. Kwa hiyo kila aliyeuliza habari za meli alikuwa anauliza pia habari za shamba, hata kama mwenyewe hakujua.

Nisimwonee baba. Alimpenda mdogo wake, na jambo la kumwacha nje bila kaburi lilimkosesha usingizi. Sisi wa Karagwe maji tuyajuayo ni ya mto. Mto Kagera ukimchukua mtu, humtoa. Wavuvi wanajua kona zake, wanajua wakakae wapi wangoje. Baba aliteremka mpaka Bukoba, akalifikia ziwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda mwaloni kwa wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa, akasalimia, akawauliza, "Maji haya yanaelekea wapi, ndugu zangu?" Alitaka akakae chini ya mkondo, kama tunavyofanya kwetu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Mzee, hapa maji hayaelekei popote. Leo yanakuja, kesho yanakwenda." Alirudi nyumbani na vumbi la safari yote usoni, akatuambia, "Lile si la kumngojea mtu," na tangu hapo akaanza kuzungumzia mgomba.

Mimi nilirudi chuoni na swali la mama mdogo. Nilikuwa nasomea mambo mengine kabisa, lakini nilijipenyeza kwenye rafu za jiografia nikasoma. Nilijifunza kwamba maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo chombo kilekile na mzigo uleule huzama zaidi ziwani kuliko baharini. Nilijifunza kwamba mawimbi ya ziwa ni mafupi, yamesimama, yanafuatana upesi, na chombo hakipati nafasi ya kuinuka kutoka la kwanza kabla la pili halijakipiga. Nilisoma kwamba ziwa kubwa kama letu hujitengenezea dhoruba zake lenyewe kabla ya mapambazuko, hata kama nchi kavu pande zote kuna nyota. Na nikasoma habari za maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini, ambako meli za chuma, ndefu kuliko mtaa, zenye redio na manahodha wazoefu, zilipotea huku meli ya nyuma ikiziona taa zao. Taa zilikuwapo, kikaja kiwingu cha theluji, kiwingu kikapita, taa hazipo.

Nilifurahi kusoma hayo, na furaha yenyewe ilinitia mashaka. Nilikuwa na sababu nyingi za chombo chochote kuzama. Sikuwa na hata moja iliyoniambia kama baba mdogo alikuwamo.

Likizo ilipofika nilipanda meli ya abiria Mwanza kwenda Bukoba, njia ileile kinyume chake. Niliketi daraja la tatu kati ya maboksi ya sabuni na mama mmoja mwenye kuku, nikamsubiri baharia apite. Nilimuuliza kuhusu chombo kilichopotea: kilikuwa cha namna gani, kilizoea kupakia kiasi gani, kama yeye alimjua mtu yeyote aliyekuwamo.

"Dada, unatafuta mume au unatafuta meli?"

"Natafuta meli."

"Basi ungetafuta mume, ningekusaidia." Kisha akaacha kucheka. "Zilizopotea hatuzitaji tukiwa juu ya maji. Niulize gatini."

Gatini Bukoba nilimtafuta, akawa ameshaondoka.

Nyumbani nilikuta mambo yameiva. Jumapili moja baada ya ibada baba aliita kikao uani kwa mama mdogo. Alikuwapo shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke aliyekuwa akikohoa tu wanaume wananyamaza. Alikuwapo na katekista, aliyekuja kwa sababu aliona watu wanaelekea huko.

Desturi ni hii. Mtu akipotea mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba kwenye kibanja chake mwenyewe, ukazungushiwa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti tulichozikia wafu wetu tangu zamani, ukalazwa kaburini, ukaliliwa, na matanga yakaanuliwa. Mgomba wenyewe haukatwi ovyo. Mwenye nyumba, yaani mke, ndiye anayeuonyesha kwa kidole, kwa sababu yeye ndiye ajuaye upi mumewe aliupanda kwa mkono wake. Asipoonyesha, hakuna panga linaloinuliwa.

"Shemeji," baba alisema, "tuonyeshe mgomba."

"Migomba ni mingi, shemeji. Nianzie wapi?"

"Wowote unaofaa."

"Unaofaa ni ule unaozaa. Huo siukati."

Katekista aliona nafasi yake. "Hata hivyo, ndugu zangu, kanisa haliziki ndizi."

"Kanisa lipumzike tu, waitu, ndugu yetu," shangazi akamwambia. "Ndizi tutaizika sisi. Wewe utatuimbia."

Nikaona zamu yangu imefika. Nilisimama, jambo ambalo msichana hakupaswa kufanya, nikasema hakuna ushahidi kwamba baba mdogo alipanda ile meli. Dereva alimwacha langoni. Lango si meli. Tunamzikaje mtu kwa kukisia?

"Ushahidi ni kwamba hayupo," baba alisema.

"Hata mimi sipo nikiwa chuoni, baba. Mbona hamnikatii mgomba?"

"Wewe ukiwa chuoni unaandika kila wiki kuomba sabuni. Mdogo wangu hajaomba sabuni."

Watu walicheka, na kikao kikavunjika kwa kicheko, jambo ambalo lilimfaa mama mdogo kuliko hoja zangu zote.

Kesho yake nilikwenda kumsaidia kutandaza majani makavu kwenye mashina. Nilikuwa nimejaa ushindi. Nilianza kumweleza kwamba inawezekana kabisa baba mdogo yu hai, kwamba watu hupoteza kumbukumbu, kwamba visiwa ni vingi. Aliendelea kutandaza. Alipofika mwisho wa mstari akanyoosha mgongo.

"Mwanangu, nashukuru unavyonitetea. Lakini usiseme sana kwamba yu hai."

"Kwa nini?"

"Ukisema sana yu hai, watakwenda kumtafuta. Ukisema sana amekufa, watamzika. Sema haijulikani. Basi."

Nilidhani nimemwelewa. Nilidhani anaogopa kwamba matumaini yakitamkwa sana yatavunjika. Niliandika kichwani kwangu, kama kawaida yangu siku zile, kwamba wanawake wa kwetu wamefundishwa kuogopa maneno. Leo naona kwamba alikuwa ananieleza kwa usahihi kabisa mahali pekee alipoweza kuishi: kati ya mambo mawili, pembamba kama njia ya mbuzi, na mimi nilikuwa natembea na viatu vizito upande mmoja.

Ulipita mwaka na zaidi. Kaka yangu alikuwa amekwisha kutoa posa, na wakwe walitaka kujua binti yao atalala wapi. Baba akachoka kusubiri kidole cha shemeji yake. Likizo iliyofuata, asubuhi moja ya manyunyu, niliamshwa na sauti ya panga nyuma ya nyumba yetu. Nilimkuta baba amekata mgomba mzuri, mnene, na anauzungushia lubugo peke yake kwa utaratibu wa mtu anayemvisha mtoto. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa mpakani, upande wa baba mdogo, na vijana wa ukoo walikuwa wanasubiri. Baba aliubeba begani akavuka nao njia.

Shangazi alifika kaburini kabla hajautua.

"Huo umetoka wapi?"

"Shambani."

"Shamba la nani?"

"Langu. Mgomba ni mgomba, dada. Ndugu ni damu moja."

"Mawe, mama yangu!" Shangazi alishika kichwa. "Mwanaume mzima unajikata mwenyewe, unajivisha, unajibeba! Utajililia pia, au tukusaidie?"

Kijana aliyekuwa ndani ya kaburi alitoka humo haraka kuliko mtu aliyekanyaga nyoka. Wenzake waliweka majembe chini. Kila mtu pale alijua jambo ambalo baba, kwa haraka yake, alijifanya hajui: mgomba wa kibanja ndiye mwenye kibanja. Uliotoka kwake ulikuwa yeye. Angeushusha kaburini, angekuwa amejizika mwenyewe yu hai, na mkewe mjane, na sisi yatima.

Baba alisimama pale na mzigo begani. Hakuweza kuushusha kaburini. Hakuweza kurudi nao nyumbani pia, maana maiti ikishatoka haivuki kizingiti tena. Mwishowe aliulaza njiani, katikati ya vibanja viwili, akaenda zake. Ukabaki hapo umevaa lubugo lake, na watu waendao kisimani wakawa wanapita majanini kuukwepa. Nilicheka peke yangu nyuma ya jiko mpaka nikalia. Kisha nikachukua ndoo kwenda kisimani, nikafika pale, na miguu yangu yenyewe, iliyosoma, ikapita majanini.

Jambo halikuwa la kuchekesha kwa muda mrefu. Mama yangu alikataa kumpakulia baba chakula mpaka jambo litengenezwe. Waliokuwa wakinywa naye rubisi wakaanza kuwa na kazi nyingi. Wakwe wa kaka wakatuma habari kwamba wanafikiria upya, kwani nani anapeleka binti kwenye nyumba ambayo mwenyewe amejitoa nje kama maiti? Kulikuwa na njia moja ya kulitengeneza: mazishi ya kweli yafanyike, ya baba mdogo, kwa mgomba wa kibanja chake, ili ule wa njiani uonekane ulikuwa kosa tu. Na kwa hilo alihitajika mtu mmoja aonyeshe kidole.

Shangazi ndiye aliyekwenda kuzungumza. Niliandamana naye kumbebea kigoda. Mama mdogo alitukaribisha, nikamwamkia shikamoo, akatupa kahawa za kutafuna, akatusikiliza bila haraka.

"Nitaonyesha," alisema. "Lakini kwanza mlamula."

Mlamula ni mmea wetu wa mipaka. Ukishapandwa mbele ya watu, ugomvi wa ardhi umekwisha, na anayeung'oa hata wanawe hawamsemei. Alitaka baba aupande kwa mkono wake kuzunguka kibanja chote, na aseme kwa sauti, majirani wakiwapo, kwamba ndani ya mlamula huo ni mali ya mama mdogo mpaka afe, na akifa ni mali ya mabinti zake.

"Mabinti hawarithi kibanja," shangazi alisema, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba mvua inalowesha.

"Najua."

"Hakuna aliyewahi kufanya hivyo hapa."

"Hakuna aliyewahi kujikata mwenyewe pia, wifi. Mwaka huu tunaona mengi."

Shangazi alianza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nitamwambia," alisema.

Baba alipanda mlamula. Ilimchukua asubuhi nzima, akiinama na kuinuka, na majirani wamesimama kando, hata yule jirani yetu mfugaji aliyetoka Rwanda ambaye kwa kawaida hakujali mambo ya migomba. Alisema maneno yale. Aliyasema vizuri, bila kumung'unya. Namkumbuka kwa hilo kwa heshima. Kaka yangu alipewa kipande upande wa Kiruruma, mbali kidogo, akaoa na kujenga huko. Ule mgomba wa njiani jirani mfugaji aliuomba kwa ajili ya ng'ombe wake, akisema wao hawaulizi umetoka kibanja gani.

Ilipofika zamu yake, mama mdogo hakutafuta. Nilitarajia azunguke na achague. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mgomba uliokuwa karibu na jiko, akauwekea kiganja. "Huu," akasema. Waliukata, wakauvika, wakaulaza kaburini, na katekista, ambaye kanisa lake halikuzika ndizi, aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Mama mdogo alilia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio cha desturi, kile cha kupokezana. Hiki kilitoka kikiwa kizima, hakikumsubiri yeyote. Wanawake waliokuwa wanamshika walimwachia, wakasogea hatua nyuma.

Nilirudi chuoni nikiwa na hoja nyingi. Nilitaka kujua tulifanya nini pale. Hatukujua lolote jipya kuhusu meli. Ziwa halikutuambia kitu. Hata hivyo kuanzia siku ile watu walimwita mama mdogo mjane, wakamsalimia kama mjane, na hakuna aliyesema tena Geita wala Ukerewe. Tulikuwa tumetengeneza jambo la kweli kutokana na mgomba na makubaliano. Nilibishana na wenzangu bwenini juu ya hilo, wengine wakiniita mshirikina na wengine mzungu. Mimi nilishikilia kwamba kilichokosekana ni shahidi mmoja tu. Kama angepatikana mtu mmoja aliyemwona baba mdogo akikanyaga ile meli, nilisema, yote haya yasingehitajika. Kila nilipopita Bukoba nilimtafuta mtu huyo. Niliuliza wapagazi, wauza chai, walinzi wa lango. Wengi walikuwa wapya. Wa zamani walitikisa vichwa.

Miaka mingi baadaye, mama mdogo akiwa mzee, alikuja kukaa kwangu mjini akitibiwa macho. Mabinti zake walikuwa wanalima kibanja ndani ya mlamula ule, na hakuna aliyewasumbua. Baba na shangazi walikuwa wamekufa. Mchana mmoja, jicho moja likiwa limefungwa bandeji, aliniambia bila kuulizwa, kwa sauti ya kueleza habari ya jirani, kwamba juma lileile meli ilipopotea mpagazi mmoja wa bandarini alimfikia Ihanda. Alikuwa ndiye aliyebeba magunia ya baba mdogo mpaka ndani ya meli, akampa mkono baba mdogo akavuka ubao, na alikuwa bado gatini taa za chombo zilipoacha kuonekana. Alikuja kuuliza afanye nini na baiskeli ambayo baba mdogo alimwachia aitunze. Mama mdogo alimpikia, akamsubiri ale ashibe, akamwambia baiskeli abaki nayo, iwe yake, na asikanyage tena Karagwe.